Bibi Mashine na Dawa za Mkwewe

Kwa siku ya kumi na tisa mfululizo Bibi Mashine aliamka na maji machachu kooni, na kwa siku ya kumi na tisa mfululizo alijua wa kumlaumu ni nani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani, akameza mate mara tatu ili ayarudishe yale maji yalikotoka. Hayakurudi. Yalimchoma kuanzia chembe ya moyo mpaka kwenye shina la ulimi, kama mtu aliyemeza kaa la moto likagoma kushuka. Nje, mkwewe alikuwa anafagia ukumbi. Ufagio ulifika mlangoni, ukasimama kidogo, kisha ukaendelea na safari yake.

"Anasikiliza kama bado napumua," Bibi Mashine alijiambia.

Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu mashine ya kusaga nafaka ilikuwa yake na aliisimamia mwenyewe tangu mumewe alipofariki. Alisaga mahindi, alisaga mtama, alisaga muhogo mkavu, na kwenye kinu kidogo cha viungo alichokiweka chumbani alisaga kila kitu kingine. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba chakula kisichosagwa hupita tu mwilini bila kuacha faida. Kiungulia kilipomwanza, mwaka na ushei uliopita, alisaga mbegu za papai. Zilipokataa, akasaga tangawizi kavu. Akanywa maziwa baridi, akanywa maji ya viazi vibichi, akalamba magadi mpaka akawa anateuka mbele za watu. Jirani mmoja alimwambia ale ndizi mbivu kabla ya kulala, mwingine akamwambia ndizi ndiyo inayomuua. Mwisho alikwenda hospitali, shingo upande, na daktari akamwandikia kapsuli moja kila asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Akamwambia pia ale mapema jioni na ainue kichwa cha kitanda kwa matofali. Matofali mwanawe aliyaweka. Bibi Mashine aliyaondoa siku ya pili, akisema hajafikia kulazwa kama mtu anayeteremshwa kaburini.

Dawa ililetwa na mkwewe, siku kumi na tisa zilizopita. Mke wa mwanawe alikuwa muuzaji katika duka la dawa la pale barabarani, mwenye cheti na koti jeupe, na ndiye aliyechukua karatasi ya daktari akarudi na boksi. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana Bibi Mashine hakuwa mtu wa kumeza kitu kwa sababu tu ameambiwa.

Mlango uligongwa. Mkwewe aliingia na glasi ya maji na kapsuli juu ya kisahani.

"Umeamkaje, mama?"

"Kama nilivyolala."

"Bado inachoma?"

"Wewe unaonaje?"

Mkwe aliweka kisahani juu ya meza. Alikuwa ameshavaa nguo za kazini. "Meza nzima, mama, usiifungue. Zile chembe za ndani zina..."

"Nimeshasikia. Iache hapo."

Alisubiri hatua za mkwewe ziishe nje ya geti. Kisha akafunga mlango kwa komeo, akaitenganisha kapsuli kwa kucha, akamimina chembe zake kiganjani. Zilikuwa ndogo, nyeupe, za mviringo. Tangu siku ya kwanza alikuwa anajiuliza ni kitu gani humo ndani ambacho yule binti hataki akione. Akazitia katika kinu cha viungo, akazungusha mpini, akapata vumbi jeupe kiasi cha kufunika ukucha. Akalikoroga ndani ya maji ya tangawizi ya uvuguvugu, akanywa. Lilikuwa chungu. Uchungu ule ulimpa moyo kidogo, lakini baada ya saa moja kifua kilikuwa kinawaka vile vile.

*

Boksi la pili lilipokuja, kapsuli zilikuwa na rangi nyingine. Za kwanza zilikuwa nyekundu na nyeupe. Hizi zilikuwa za manjano.

"Ni ile ile, mama," mkwe alisema. "Kiwanda ndicho tofauti. Angalia, jina la dawa ni moja."

Bibi Mashine aliangalia. Herufi alizijua, ila miwani ilikuwa imevunjika mkono na hakutaka kuonekana anakodoa. "Sawa," alisema, na sawa ile ilikuwa na meno.

Asubuhi hiyo kwenye mashine kulikuwa na foleni. Mashine inaposaga, watu hawanong'onezani. Mwenye la kusema hupiga kelele, na alisemalo kwa mmoja hulisikia wote mpaka wa mwisho aliyekalia ndoo yake nje. Mama wa mapacha ndiye aliyeuliza, kwa nia njema kabisa.

"Tumbo linaendeleaje, Bibi Mashine?"

"Litaendeleaje na mimi nalishwa chaki?"

"Chaki?"

"Nakuambia chaki. Mwezi wa pili huu. Boksi la kwanza rangi hii, boksi la pili rangi ile. Zile za kweli zinakwenda wapi, hilo mimi silijui. Mimi si mfanyakazi wa duka la dawa."

Mama wa mapacha alikaza kilemba. "Lakini na mimi pale ndipo ninapochukua dawa ya kifua ya huyu mmoja."

"Mimi nimesema yangu," Bibi Mashine alijibu, akipiga kofi bomba la unga ili lishushe. "Ya kwako utayajua mwenyewe."

Mpaka mchana watu ishirini walikuwa wamesaga nafaka yao na kuondoka na maneno yale.

*

Yangeishia hapo, pengine yangezoeleka yakasahaulika. Lakini wiki iliyofuata daktari alimpima tena, akamwuliza kama anameza dawa, naye akajibu, kwa kiburi, "Kila siku, bila kukosa." Daktari akakunja uso. Akasema kama dawa haifanyi kazi kwa muda wote huu, basi itabidi apelekewe kamera tumboni kupitia mdomoni, waone kuna nini. Akampangia tarehe. Bibi Mashine alitoka pale bila kuaga. Dada yake alikuwa amekwenda kwa kipimo kama hicho na jibu lililotoka halikumpa hata miezi minne. Aliogopa, na hofu ile ilimgeuka hasira kabla hajafika kituoni.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja duka la dawa.

Lilikuwa limejaa. Mwenye duka, mzee mfupi aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, alikuwa anahesabu vidonge kwa kijiko. Mkwe alikuwa upande wa pili wa kaunta, anamweleza kijana mmoja jinsi ya kupaka marhamu. Alipomwona mama mkwe wake, alitabasamu.

Bibi Mashine alilitua boksi la manjano juu ya kioo.

"Mwenye duka, hii ni dawa au ni chaki?"

Mzee aliinua macho. "Karibu, mama. Tatizo ni nini?"

"Tatizo nimekuuliza."

"Mama," mkwe alisema kwa sauti ya chini, "tungeongea nyumbani."

"Nyumbani ndiko ninakonyweshwa hizi. Nataka nijibiwe zinakouzwa. Nimemeza siku zote hizi, sasa wanataka kuniingiza mpira kooni. Kama dawa zako ni nzima, basi kuna mtu njiani anazibadilisha, na njia ni fupi. Kutoka kaunta hii mpaka kitanda changu kuna mtu mmoja tu."

Kijana wa marhamu aliifungua tyubu yake akainusa. Mwanamke mmoja aliyekwisha lipia alikirudisha kifurushi chake juu ya kaunta, akasema atapita siku nyingine. Mwenye duka aliona kile kifurushi, akaona macho ya watu, na uso wake ukabadilika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye duka.

"Binti, lete mkoba wako," alisema.

"Mzee?"

"Ulete tu. Mbele ya mama yako, ili yaishe."

Mkwe alileta mkoba. Mzee hakuutia mkono. Alimwambia aumimine mwenyewe. Juu ya kioo vikatoka kitana, ufunguo wa nyumba, chupa ya maji, kitambaa cha pua, pedi mbili ambazo alizifunika upesi kwa kiganja, na kipande cha mkate alichokibakisha. Hakukuwa na dawa hata moja. Bibi Mashine aliangalia kile kipande cha mkate na kwa nukta moja hivi alitamani asingekuja. Kisha akajiambia kwamba mwizi hodari hatembei na mali.

"Kapumzike nyumbani kwanza," mzee alisema, "mpaka nikague stoo yangu nijiridhishe."

Mkwe alivua koti jeupe. Alilikunja mara nne, pole pole, kola juu, akaliweka kwenye kiti chake. Alipopita karibu na mama mkwe wake hakumwangalia.

*

Jioni mwanawe alirudi kutoka kazini na rangi za ukuta mikononi. Alikuwa fundi rangi, mtu mpole, na habari zilikuwa zimemfikia juu ya ngazi.

"Mama, ulikuwa na haja gani ya kwenda kule?"

"Haja ya roho yangu."

"Si ungeniambia mimi?"

"Wewe ungemwuliza mkeo, mkeo angekujibu, nawe ungeridhika. Nakujua."

Mkwe alikuwa jikoni. Alisikia kila neno. Alipakua chakula, akamwekea mama sahani yake, akakaa. Tangu siku ile hakufagia tena asubuhi mbele ya mlango ule, na hakuleta kisahani wala glasi. Mshahara wake ndio uliokuwa unalipia umeme wa mashine, kwa hiyo hakuna aliyemwambia akae bure; siku ya tatu alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwenye mashine kushika mifuko kwenye mdomo wa bomba. Wateja walimkuta pale, mweupe wa unga kope hadi viatu, yule aliyekuwa akiwasomea karatasi za madaktari. Wengine walimsalimia. Wengine walikagua mifuko yao baada ya yeye kuifunga.

Stoo ilikaguliwa, haikupungua kitu. Lakini mwenye duka hakumwita.

*

Siku mbili kabla ya kipimo cha kamera, Bibi Mashine alitakiwa kwenda kuandikishwa. Mwanawe alitaka kumsindikiza, akakataa. Alienda peke yake, kwa sababu asiyeongozana na mtu hana wa kumsikia akiulizwa.

Muuguzi aliyempokea alikuwa mama mnene, mtaratibu, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alilipokea daftari la kliniki la Bibi Mashine, akasoma, akalifunga.

"Mama, dawa hii kwa wengi huwa inasaidia. Unaimezaje?"

"Nameza."

"Najua. Naomba nione." Alimpa kapsuli ya manjano na kikombe cha maji.

Bibi Mashine aliona huu ni mtego, ila hakujua umetegwa wapi. Na mikono ina mazoea yake. Kabla hajafikiri ilikuwa imeshaitenganisha kapsuli na kuzimimina chembe mezani. Akatazama kushoto na kulia, kinu hakipo. Basi akayanywa yale maji, akakigeuza kikombe, na kwa kitako chake akaanza kuzisaga.

Muuguzi alimwacha amalize.

"Ndivyo unavyofanya kila siku?"

"Kwangu kuna kinu. Zinalainika zaidi."

"Hakuna aliyekuambia umeze nzima?"

Bibi Mashine alikipangusa kitako cha kikombe kwa kidole.

"Mama, nisikilize. Kila chembe hapa imevishwa nguo. Tumbo lako lina asidi kali, ndiyo hiyo inayokuchoma. Ile nguo inaikinga dawa ipite humo salama, ikafanye kazi mbele. Sasa wewe umeivua nguo, umeisaga, halafu umeitupa humo humo kwenye asidi. Inaharibika kabla haijafika popote. Kwa miezi miwili hujatumia dawa kama inavyotakiwa hata siku moja."

"Kwa hiyo si chaki?"

"Chaki?" Muuguzi alichukua kalamu kutoka sikioni. "Dawa nzima kabisa. Iliharibikia mikononi mwako." Akaandika kwenye daftari, akarudia kwa sauti jinsi alivyokuwa akiandika: mgonjwa anasaga dawa, ameelekezwa ameze nzima, kipimo kisogezwe mbele wiki tatu. "Na matofali?"

"Matofali yapo."

"Yapo chini ya kitanda au yapo nyumbani?"

"Yapo nyumbani," Bibi Mashine alikiri.

Kwenye dirisha la dawa walimpa boksi jipya. Lilikuwa la manjano, lile lile, kiwanda kile kile. Nje, kwenye benchi la wagonjwa, alifungua daftari akautazama ule ukurasa. Hakuna aliyekuwa anaujua isipokuwa yeye na yule muuguzi ambaye hata mtaa wake haujui. Ukurasa ungechanika kirahisi. Hakuuchana, lakini alilisukumia daftari chini kabisa ya mkoba, chini ya kanga.

*

Alianza kumeza nzima. Alirudisha matofali mwenyewe, akimwambia mwanawe kwamba kitanda kinapiga kelele. Akawa anataka chakula cha jioni jua likiwa bado juu ya mabati. Siku ya tano aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani kwa mazoea, na hakukuwa na kitu. Alimeza mate, yakashuka. Siku ya kumi alikula nyanya bila kuchomwa baadaye. Sauti yake iliyokuwa imekwaruza ilirudi, na kwenye mashine watu wakasema Bibi Mashine kapona.

Hakuna furaha aliyowahi kuiona chungu kama ile. Kila siku aliyolala vizuri ilikuwa shahidi dhidi yake, na alijua.

Lakini mwanawe hakujua. Yeye alihesabu kwa njia nyingine. Jioni moja wakiwa mezani, mkwe akiosha unga mikononi, mwanawe alisema, "Mama, umepona tangu ulipoanza kuchukua dawa hospitali."

"Nashukuru."

"Za hospitali zimekuponya. Zile za mwanzo hazikukuponya." Aliweka kijiko chini, akamgeukia mkewe. Uso wake ulikuwa umejaa aibu na hakuuficha. "Mimi nimekutetea kwa kila mtu. Kazini wananicheka. Leo nakuuliza mara moja tu, na sitauliza tena. Ulikuwa unamletea nini mama?"

Mkwe alijifuta mikono. Alimtazama mume wake, kisha akamtazama mama mkwe wake, na hapo ndipo Bibi Mashine alipotakiwa kusema. Maneno alikuwa nayo. Yalipanda mpaka kooni, pale pale yale maji machachu yalipokuwa yakifika, yakakwama. Akainamia sahani.

"Nilikuwa namletea dawa," mkwe alisema. "Jumapili nitakwenda kwetu. Ukipata jibu unalolitaka, utanifuata huko ukaniambie."

Wakasikia akivuta begi kutoka juu ya kabati.

*

Ijumaa asubuhi Bibi Mashine alisimama kwenye kaunta ya duka la dawa. Safari hii lilikuwa karibu tupu, na mwenye duka alikuwa anafuta vumbi kwenye vioo.

"Nimekuja kukuambia kosa lilikuwa langu," alisema. "Dawa zako nzima. Yule binti hana kosa. Mimi nilikuwa nazisaga."

Mzee alishusha miwani ya pajini akaivaa juu ya ile nyingine. "Unazisaga?"

"Kwa kinu."

"Mama," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma, jambo lililomwumiza zaidi, "nakuelewa. Mtoto ni mtoto. Umeona nyumba inaharibika, umekubali kubeba lawama. Amekutuma yeye au mwanao?"

"Sikutumwa."

"Mtu asage dawa miezi miwili, halafu aje hapa akidai ni chaki? Mama yangu, mimi nina mvi."

Hakuaminiwa. Bibi Mashine, aliyewatilia shaka watu wote mtaani kwa zamu, alisimama pale na ukweli mtupu mkononi na hakuna aliyeutaka. Masikio yalimwaka. Alichimba mkobani, chini ya kanga, akatoa daftari, akalifungua kwenye ule ukurasa.

"Soma."

Mzee alisoma kimya.

"Soma kwa sauti, baba. Nami niliyasema kwa sauti."

Kulikuwa na wateja watatu. Mzee aliwatazama, akakohoa, akasoma: mgonjwa anasaga dawa. Mmoja wa wateja alicheka, akajizuia, akashindwa. Bibi Mashine alisubiri kicheko kiishe.

"Sasa utamrudisha?"

Mzee alimrudishia daftari. "Kwangu mimi, hata leo. Lakini angalia duka langu. Watu hawaji. Anayekuja anafungua kidonge hapo hapo anakitafuna aone kama ni chaki. Nikimweka yule binti kwenye kaunta kesho, atabaki ananiangalia mimi nami namwangalia yeye. Wateja wangu hawakusoma daftari lako, mama. Waliyasikia kwako. Wakirudi wao, atarudi naye."

Kutoka hapo alikwenda kwenye jengo ambalo mwanawe alikuwa analipaka rangi. Alimwita ashuke. Mwanawe alisoma ule ukurasa mara mbili, kidole chake kikiacha alama ya rangi ya bluu pembeni.

"Mama, mimi nilimuuliza mke wangu kama anakulisha chaki."

"Najua. Nilikuwepo mezani."

"Ulikuwepo, na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alimrudishia daftari, akapanda ngazi. Mama yake alikaa chini ya ile ngazi mpaka alipoona watu wanampita wakimtazama. Jioni ile sauti zilisikika chumbani kwao, yake ya chini na ya mkewe ya chini zaidi. Asubuhi begi lilikuwa pale pale karibu na mlango, limefungwa.

*

Jumamosi ndiyo siku ya watu wengi kwenye mashine. Foleni ilitoka nje ikakunja kona, ndoo kwa ndoo. Mkwe alikuwa mahali pake, ameshika mdomo wa mfuko kwenye bomba. Alikuwa amesema atafanya kazi siku hiyo ya mwisho, kwani hapendi kuacha kazi katikati.

Bibi Mashine aliweka kilo za mtama za mama wa mapacha kwenye faneli. Halafu akanyoosha mkono akazima swichi. Mkanda ulipiga piga, gurudumu likazunguka kwa uvivu, likasimama. Haikuwahi kutokea mashine ile kuzimwa Jumamosi.

"Umeme tena?" mtu aliuliza kutoka nje.

"Umeme upo. Nimezima mimi, ili mnisikie nyote." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa kubwa ndani ya ule ukimya. "Mimi niliwaambia hapa kwamba nalishwa chaki. Si kweli. Nilipewa dawa nzima, nikaambiwa nimeze nzima, na aliyeniambia ni huyu. Sikumwamini. Nikazifungua, nikazisaga kwenye kinu, zikaharibika. Muuguzi kaandika, asiyeamini daftari hili hapa. Niliposhindwa kupona nikamchafua mkwe wangu, kwenu na kazini kwake. Kazi yake imesimama kwa sababu yangu. Dawa za duka lile ni nzima. Nendeni."

Aliyekalia ndoo ya mbele alicheka mpaka akashika mbavu. Wengine wakadakia. Alisaga dawa, wakaambiana mpaka nje, alisaga dawa kwenye kinu, na kicheko kikaikunja kona pamoja na foleni. Mama wa mapacha hakucheka.

"Kwa hiyo dawa ya mwanangu ilikuwa nzima," alisema.

"Ilikuwa nzima."

"Mimi niliimwaga chooni. Chupa mbili. Akakohoa wiki nzima, nami nikijipongeza."

Kicheko kilikuwa kimekufa. Mama wa mapacha aliweka mikono kiunoni, na sasa alikuwa anauliza kwa niaba ya wote.

"Na yale mengine, Bibi Mashine? Yale uliyotuambia juu yake mwaka huu na mwaka jana. Lile la sukari. Lile la kwamba anamfungia mwanao mlango asikusalimie. Lile la mimba. Nayo hayo yalikuwa uongo?"

Kwenye bomba, mkwe aliinua kichwa. Hakuwa anajua kwamba yapo mengine. Ilionekana wazi kwenye uso wake, hata chini ya unga wote ule.

Bibi Mashine alihisi kifua kinachoma, na safari hii alijua si ugonjwa. "Nayo hayo," alisema. Akamgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dukani akathubutu kumtazama machoni. "Mwanangu, ni mengi. Hata sijui nianze na lipi."

Mkwe aliufunga ule mfuko kwa kamba, mafundo mawili, akaupigapiga ukae sawa. Kisha akakaa juu yake, akajipangusa kope.

"Anza na la kwanza, mama," alisema. "Siku hizi mimi sina kazi ya kuwahi."